Je, Dada Yetu wa Minnesota ni Maskini? Hesabu Niliyopeleka Kwenye Kikao cha Ukoo

Chama chetu cha ukoo hukutana Jumapili ya mwisho wa kila mwezi, nyumbani kwa mjomba, mtaa wa London hapa Nakuru. (Tuna London yetu. Ukimwambia mgeni kwamba umetoka London asubuhi hii, jitayarishe kueleza.) Mimi ndiye mweka hazina. Katiba yetu ina kipengele kilichopita siku ya kwanza bila mtu kuinua mkono: aliye Kenya achange shilingi 1,000 kwa mwezi, aliye ng'ambo achange 10,000. Hakuna aliyeuliza hiyo mara kumi ilitoka wapi. Nadhani ilitoka kwenye picha. Sote tulikuwa tumemwona dada kando ya gari lake, theluji nyuma, watoto wamevaa makoti mazito kama watoto wa balozi.

Nasema dada. Kwenye fomu ni binamu, binti wa mama mdogo. Nyumbani neno hilo hatulitumii.

Julai 2024 dada aliandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, mistari mitatu tu, akiomba mchango wake ushushwe kutoka 10,000 hadi 3,000. Anaishi Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, jimbo la Minnesota huko Marekani, chenye Wakenya wengi, na anafanya kazi kwenye makao ya wazee: kuwageuza kitandani, kuwaogesha, kuwalisha. Mjomba, ambaye ni mwenyekiti na karani mstaafu, alijua malipo yake kwa sababu dada mwenyewe aliwahi kumwambia: dola 19 kwa saa, saa 36 kwa wiki. Hakungoja kalamu. 19 mara 36 mara 52 ni dola 35,568 kwa mwaka. Mara 160, gawa kwa 12: shilingi 474,240 kwa mwezi. Akaandika, "Mtu wa laki nne na sabini anashindwaje na elfu kumi?"

Kikundi kizima kikanyamaza. Miongoni mwetu tulio hapa hakuna anayefika hata nusu ya hiyo.

Siku iliyofuata mjomba alinipigia. "Wewe ndiye wa vitabu. Mwambie akutumie karatasi zake zote, utuletee hesabu Agosti. Kama ni maskini, tumsamehe. Kama si maskini, alipe kama ilivyoandikwa." Aliliona kama swali la ndiyo au la. Nami nililiona hivyo kwa wiki nzima ya kwanza.

Dada alituma kila kitu: stakabadhi za mshahara, risiti za kodi ya nyumba, fomu ya marejesho ya kodi, na taarifa za kadi ya mkopo za miezi kumi na minne. Ameniruhusu kuandika haya, nami nimebadilisha mambo madogo asitambulike.

Shilingi ilipopona

Nilianza na ile 160, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na kosa la wazi. Mjomba alitumia kiwango alichokikumbuka cha Januari 2024, wakati dola moja ilikuwa inakaribia au kuzidi kidogo shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka shilingi ilikuwa imepata nguvu na dola imeshuka hadi 129 hivi. Ukirudia hesabu ile ile kwa 129, laki nne na sabini inakuwa laki tatu na themanini na mbili. Dada hajapunguziwa hata senti moja kazini, ila hapa Nakuru amepoteza shilingi elfu tisini kwa mwezi.

Elfu tisini hizo ni za karatasini, hazimhusu sana. Kilichomhusu ni hiki. Kila mwezi humtumia mama yake, mama mdogo wangu aliye Bahati, mashambani mwa Nakuru, dola 200. Januari zilifika zikiwa shilingi 32,000. Julai zilifika 25,800. Mama mdogo hasomi viwango vya benki; aliona pesa imepungua akadhani binti amemchoka, na alimwambia hivyo kwa simu. Upande wa pili, mchango wetu wa shilingi 10,000, ambao Januari ulimgharimu dola 62 na nusu, sasa ulimgharimu 77 na nusu. Kwa hiyo alichotuma kwa dola kikapungua kikifika, na alichodaiwa kwa shilingi kikaongezeka kikitoka. Hakuna kikao kilichokaa kupandisha mchango wake kwa robo, lakini ulipanda kwa robo. Ujumbe wake wa mistari mitatu ulitokana na hapo.

Tena kubadilisha dola kuwa shilingi ni njia mbaya ya kupima maisha ya mtu anayenunua mkate Minnesota. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia ya bei linganishi, kinachonunuliwa kwa dola moja Marekani hununuliwa Kenya kwa shilingi 40 na kitu, si 129. Ukitumia 45, mshahara wa dada unakuwa sawa na wa mtu wa Nakuru anayepata shilingi 133,000 kwa mwezi, kabla ya kukatwa chochote. Ni mshahara mzuri bado, na mjomba alilishika hilo. Lakini laki moja na thelathini na tatu si laki nne na sabini.

Mstari uliochorwa kwa chakula

Baada ya hapo nikauliza swali la pili: serikali yake inasemaje? Nchi ile ina mstari rasmi wa umaskini, na asili yake ni ya kuvutia kiasi kwamba nilisahau kupika usiku niliousoma.

Ulichorwa na mwanamke mmoja aliyeajiriwa katika idara ya hifadhi ya jamii, Mollie Orshansky. Alizaliwa Bronx, New York, mwaka 1915, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Ukraine, na ufukara aliujua nyumbani kabla ya kuukuta ofisini. Kati ya 1963 na 1965 alichukua orodha ya vyakula ya wizara ya kilimo iliyokuwa ya bei ya chini kabisa, iliyokusudiwa familia iliyoishiwa kwa muda, akapiga bei yake mara tatu. Tatu ilitokana na uchunguzi wa 1955 ulioonyesha kwamba familia za Marekani zilitumia karibu theluthi moja ya pesa zao kwa chakula. Rais Lyndon Johnson alikuwa ametangaza vita dhidi ya umaskini Januari 1964, na serikali ilitaka kujua inapigana na watu wangapi. Mwaka 1969 mstari wa Orshansky ukafanywa rasmi. Tangu hapo hupandishwa kila mwaka kufuata bei za bidhaa, basi. Ile tatu haijaguswa.

Leo chakula huchukua karibu moja ya nane ya matumizi ya kaya ya Marekani. Orshansky angekuwa hai na kuulizwa swali lile lile, angepiga mara nane. Kodi ya nyumba, matibabu na malezi ya watoto ndivyo vilivyomeza nafasi iliyoachwa na chakula. Kwetu, upimaji wa kaya wa 2015/16 ulikuta chakula bado kinachukua zaidi ya nusu ya matumizi, kwa hiyo anayepima umaskini wa Kenya kwa kuanzia sahani hajakosea sana. Anayepima wa Minnesota kwa kuanzia sahani amechelewa miaka sitini.

Mstari unaotumiwa na idara za misaada kwa mwaka 2024 ulikuwa dola 15,060 kwa mtu mmoja, na dola 5,380 kwa kila mtu anayeongezeka. Dada ana watoto wawili, wa miaka 9 na wa miaka 3. Watu watatu: dola 25,820. Kiwango hicho ni kimoja Mississippi na New York. Alaska na Hawaii tu ndizo zenye vyao. Dada anapata 35,568. Amezidi kwa dola 9,748.

Si maskini. Ningeweza kuishia hapo, na kwa uvivu karibu niishie.

Kilichonizuia ni taarifa za kadi ya mkopo. Kuanzia Aprili deni linapanda kila mwezi kama mtu anayepanda ngazi, bila kushuka hata mara moja, hadi Februari. Machi linafutika karibu lote. Aprili linaanza tena. Nilimpigia nikamuuliza Machi huwa kuna nini. Akacheka. "Kaka, Machi ndiyo Krismasi yetu. Machi serikali inarudisha."

Mshahara wake ukishakatwa hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, asilimia 7.65, hubaki dola 2,737 kwa mwezi. Kodi ya nyumba ya vyumba viwili ni 1,250. Mama Mkenya anayemwangalia mtoto mdogo jioni, kwa sababu zamu ya dada inaanza saa tisa alasiri na kwisha saa tano usiku, analipwa 700. Gari, yaani mkopo wake, bima na mafuta, 400. Bima ya matibabu ya kazini na dawa, 130. Jumla 2,480. Zinabaki 257. Humo atoe 200 za mama na 77 na nusu za chama chetu. Amekwisha kuwa chini kwa dola 20, na hajanunua maziwa. Chakula, umeme, simu, sabuni, viatu vya watoto ambao hawaachi kukua, vyote vinakwenda kwenye kadi, dola 730 hivi kwa mwezi. Machi hurudishiwa karibu 9,500, kutoka serikali kuu na jimbo, kwa sababu mfumo wao wa kodi humfidia mzazi mwenye kipato kidogo anayefanya kazi. Anakaa na pesa hizo siku nne au tano. Halafu anailipa kadi, pamoja na riba.

Mstari rasmi hauoni hata kimoja kati ya hayo. Unatazama pesa taslimu kabla ya kodi. Hauoni marejesho ya Machi, hauoni zile 700 za malezi. Wamarekani wenyewe wanajua, na tangu 2011 Ofisi yao ya Sensa hutoa kipimo cha nyongeza kando ya kile rasmi. Hicho huongeza marejesho ya kodi na misaada ya chakula, kisha hutoa kodi, matibabu, gharama za kwenda kazini na malipo ya malezi, na mstari wake hufuata kodi za nyumba za eneo. Nilimpitisha dada humo. 35,568, toa 2,721, ongeza 9,500: 42,347. Toa malezi 8,400, gari 4,800 (hapa nimekuwa mkarimu, nimeliweka gari zima), matibabu 1,560. Zimebaki 27,587, na humo hajalipa nyumba wala kula.

Kama kuna anayedhani ni mabishano ya wasomi tu, atazame 2021. Mwaka huo serikali ya Marekani ilipandisha nafuu ya kodi ya watoto hadi dola 3,600 kwa mtoto wa chini ya miaka 6 na 3,000 kwa mkubwa wake, na kuanzia Julai hadi Desemba ikawa inalipa nusu yake kila mwezi. Kwa kipimo cha nyongeza, umaskini wa watoto ulishuka hadi asilimia 5.2. Nafuu ikaachwa ikaisha, na 2022 ukaruka hadi asilimia 12.4. Kipimo rasmi, kisichohesabu nafuu za kodi, kilisema umaskini wa nchi ulikuwa asilimia 11.6 mwaka mmoja na 11.5 uliofuata, kana kwamba hakuna kilichotokea. Dada anaikumbuka miezi ile bila kutazama daftari. Dola 250 kwa ajili ya mtoto mkubwa ziliingia kila mwezi. "Miezi sita hiyo kadi ilikaa kwenye droo," aliniambia.

Mtoto wa 0.24

Mjomba alitaka tumlinganishe na wa huku. Nikamlinganisha.

Shirika la Kitaifa la Takwimu hapa Kenya, KNBS, katika upimaji ule wa 2015/16 liliweka mstari wa umaskini kuwa shilingi 5,995 kwa mwezi kwa mtu mzima wa mjini na 3,252 kwa wa mashambani, na likakuta Wakenya asilimia 36.1 wako chini yake. Neno la kuangalia hapo ni "mtu mzima". Watoto hawahesabiwi kama mtu kamili: wa miaka 5 hadi 14 ni 0.65 ya mtu mzima, na wa chini ya miaka 5 ni 0.24. Mantiki yake ni tumbo. Mtoto wa miaka mitatu hula kidogo.

Familia ya dada ingekuwa Nakuru, ingehesabiwa watu 1.89. Yule mdogo angekuwa chini ya robo ya mtu. Minnesota, mtoto huyo huyo ndiye ghali kuliko wote nyumbani. Dola 8,400 kwa mwaka zinamlipa mtu wa kukaa naye mama yake anapowageuza wazee wa watu wengine. Akiwa Bahati angekaa na nyanya yake bure, na hakuna takwimu za nchi yoyote zingeandika popote kwamba kazi imefanyika. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi na bado inanikera. Tunaposema maisha ya Kenya ni nafuu, sehemu kubwa ya unafuu huo ni akina nyanya wasiolipwa.

Gari nalo ni hivyo hivyo. Picha ile ya theluji ndiyo iliyotufanya tuandike elfu kumi. Hapa mwenye gari ana nacho. Pale, zamu ikiisha saa tano usiku, Januari, baridi ikiwa chini ya sifuri, gari ni sehemu ya kazi kama vile gambuti kwa mchimba mitaro. Makoti ya watoto yalitolewa na kanisa. Sikuwa najua, sikuwahi kuuliza.

Mjomba alikuwa pia ameshikilia kwamba maskini ni yule anayeishi kwa "dola moja kwa siku". Nilimjibu kwa ufupi. Mstari wa Benki ya Dunia wakati ule ulikuwa dola 2.15 kwa siku (Juni 2025 ukapandishwa hadi 3.00), umekusanywa kutokana na mistari ya nchi maskini zaidi duniani, na dola zake ni za bei linganishi. Kumpima nao mtu wa Minneapolis ni kupima nguo kwa debe.

Ulaya wana njia nyingine kabisa. Hawaanzi na chakula. Huchukua kipato cha kaya ya katikati nchini na kusema aliye chini ya asilimia 60 yake yuko katika hatari ya umaskini. Kaya ya katikati Marekani mwaka 2023 ilipata dola 80,610. Asilimia 60 ni 48,366. Bila hata kurekebisha idadi ya watu nyumbani, dada yuko chini kwa karibu dola 12,800. Kwa hiyo kwa mstari wa Washington si maskini, na akipimwa kwa njia ya Ulaya, kwa stakabadhi ile ile ya mshahara, ni maskini.

Njia hiyo ina mizizi kwa Mwingereza mmoja, Peter Townsend, aliyeandika mwaka 1979 kwamba maskini ni yule asiyeweza kula, kuishi na kushiriki mambo kama ilivyo kawaida katika jamii yake. Hapo ndipo nilipokwama kwa siku mbili. Jamii yake ipi? Mtoto wa miaka 9 ana safari ya shule ya dola 35, na asipokwenda anabaki darasani peke yake. Hiyo ni Brooklyn Park. Mjomba wa pili alipofariki Machi 2024, mchango wa mazishi ulitangazwa na majina yakasomwa mmoja mmoja kwenye matanga. Hiyo ni Nakuru. Dada akikosa la kwanza, mwanawe anaona aibu. Akikosa la pili, mama yake anaona aibu mbele ya watu. Mshahara ni mmoja, na kila kipimo nilichokisoma kinamchukulia kama mtu wa mahali pamoja.

Kipimo cha nyongeza hutoa hata pesa za matunzo anazolipa mzazi aliyetengana na mwenzake. Pesa za mama aliye Bahati hakizitoi. Kwa takwimu za Marekani, dola zile 200 ni kipato cha dada, ni kana kwamba amezila. Kwa takwimu za Kenya, zinazopima matumizi ya kaya, ni unga, dawa za presha na umeme wa mama mdogo. Dola zile zile zinahesabiwa kuwa za watu wawili katika nchi mbili. Mwaka huo wa 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, sehemu kubwa zaidi ikitoka Marekani. Ni wangapi humo wanaokaa na kadi inayopanda kuanzia Aprili?

Elfu thelathini na tisa

Kulikuwa na karatasi moja ambayo dada hakuielezea. Ilikuwa fomu ya kumdhamini mzazi kuhamia Marekani, imejazwa nusu.

Yeye ni raia sasa, na raia anaweza kumwombea mama yake. Lakini mdhamini lazima aonyeshe kipato cha angalau asilimia 125 ya mstari wa umaskini, na anayeletwa huhesabiwa ndani ya kaya. Watu wanne mwaka 2024: mstari ni 31,200. Asilimia 125 yake ni 39,000. Dada ana 35,568.

Nilirudi kwenye ile sentensi yangu ya "si maskini" nikaitazama upya. Serikali moja, mstari mmoja, mwanamke mmoja. Inapohesabu maskini, amezidi kwa elfu tisa. Anapotaka kumchukua mama yake, amepungukiwa na 3,432. Na mama yake ndiye angemwangalia yule mtoto wa dola 700.

Nilimuuliza pia kwa nini haombi msaada wa chakula, maana kwa kipato chake na kodi anayolipa anaelekea kustahili. Akasema hataki jina lake liwe kwenye vitabu vyao kabla karatasi za mama hazijakamilika. Kanuni haimzuii mdhamini kwa sababu hiyo. Nilimwambia. Akasema, "Najua, kaka, wengi wameniambia," na akabadilisha mazungumzo.

Kikao cha Agosti

Nilisoma ripoti nikiwa nimesimama, karatasi tano. Dada alikuwa kwenye simu, spika imefunguliwa, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Huku ilikuwa saa kumi alasiri, kwao saa mbili asubuhi.

Mjomba alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani. "Sasa ni maskini au si maskini?"

Nikamwambia mstari wa Washington unasema hapana, wa Ulaya unasema ndiyo, na hakuna hata mmoja uliojua kwamba ana sisi. Hakufurahi. Alitaka neno moja la kuandika kwenye kumbukumbu. Binamu mwingine, fundi wa magari mtaa wa Kaptembwa, akauliza swali lililonifaa kuliko karatasi zangu tano: kila mmoja wetu hapa, akishalipa vya lazima, anabaki na nini? Yeye anabaki na elfu sita mwezi mzuri. Mmoja akasema kumi na moja. Mmoja akanyamaza. Dada, kwa hesabu yetu, alibaki na dola 257, yaani shilingi 33,000, za kulisha watu watatu mahali ambapo bei ni karibu mara tatu ya hapa. Hapo chumba kikaanza kuongea.

Tulipiga kura. Ashuke hadi 4,000: kumi na mmoja walikubali, sita wakakataa, mjomba hakuinua mkono upande wowote. Kipengele cha ng'ambo kikawekwa kijadiliwe upya Desemba.

Mama mdogo hakuwa amesema neno tangu chai. Alikuwa ameshika karatasi yangu ya tatu, ile ya malezi, ingawa bila miwani hawezi kuisoma.

"Huyo mdogo," akasema kwa simu, "mlete. Mimi nipo. Nitamlea kama nilivyokulea, na hizo pesa zako ulipe hiyo kadi."

Mkono wangu ulikwenda kwenye kikokotoo wenyewe. Mtoto akija Bahati, kaya ya Minnesota inabaki watu wawili, mstari unashuka hadi 20,440, na dada anakuwa amezidi kwa dola 15,128 badala ya 9,748. Takwimu zitasema mambo yake yamenyooka. Marejesho ya Machi yatapungua, kwa sababu nafuu ile inataka mtoto awe ameishi naye Marekani zaidi ya nusu ya mwaka. Na huku mtoto ataingia kwenye hesabu akiwa 0.24 ya mtu mzima wa mashambani, ambayo kwa bei za 2015/16 ni shilingi 780 kwa mwezi.

Sikusoma chochote kati ya hayo kwa sauti. Kwenye simu tulisikia katuni, kijiko kikigonga bakuli, na mtoto akiuliza kitu kwa Kiingereza ambacho mama mdogo hakukielewa.

"Mama," dada akasema, "nitakupigia nikitoka zamu."